Usiuze "i7", uza kazi: namna ya kumchagulia mteja prosesa ya laptopu

Mimi nauza laptopu za mtumba hapa Musoma, na wateja wangu wengi wako Bunda na Butiama, nawapata humu humu mtandaoni. Meseji ninayoipata kuliko zote ni hii: "Kaka, una i7? Nataka ya gemu na kuediti video."

Wauzaji wengi hapo wanajibu "ipo", wanataja bei, wanaomba namba ya kutuma mzigo. Ndiyo njia rahisi ya kupoteza mteja. Huyo kijana wa kupiga picha za harusi Bunda ameweka kando hela ya msimu mzima. Mwanachuo wa Butiama amechangiwa na ndugu zake. Laptopu ikigoma, hana hela ya kununua nyingine, na miji yetu hii tunajuana. Akilalamika kwenye magrupu mawili ya WhatsApp, jina lako limekwisha.

Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. STIKA HAIKWAMBII KITU, SOMA NAMBA NZIMA

Neno "i7" peke yake halina maana. Kuna jamaa alikuja kuniuzia laptopu yake ya i7 aliyonunua kwingine, akasema ni nzito kwenye video. Nikaangalia: Core i7-6600U. Hiyo ina kori 2 tu. Kori ni kama mafundi walioko ndani ya prosesa, wakiwa wengi kazi inagawanywa. Pembeni nilikuwa na i5-8350U, yenye kori 4. Tukaweka video moja kwenye zote mbili, tukazianzisha pamoja. Ya kwangu ilimaliza ya kwake ikiwa imepita nusu kidogo. Na yeye ndiye aliyelipa hela nyingi zaidi, kwa sababu ya stika.

Namba inasomwa hivi kwa Intel:

• Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi. i5-8250U ni kizazi cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 unasoma tarakimu mbili: i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11.
• Herufi U mwishoni ni prosesa ya kutunza chaji. Inafaa ofisini na kazi nyepesi.
• Herufi H au HQ ni prosesa ya nguvu. Inafaa gemu na video ndefu, lakini inakula chaji na inapata moto.

Kwenye laptopu nyembamba za herufi U, i5 na i7 za kizazi cha 6 na cha 7 zina kori 2. Kizazi cha 8, kilichoanza kutoka 2017, ndicho kilichopandisha i5 za U hadi kori 4. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaipita i7 ya kizazi cha 7 kwenye kuediti, na mara nyingi bei yake ni ndogo.

Usiamini jina la modeli peke yake. Lenovo ThinkPad T480, kwa mfano, zipo za kizazi cha 7 na zipo za kizazi cha 8. Kwa nje zinafanana kabisa.

2. AMD NAYO INA MITEGO YAKE

Ryzen ni nzuri kwa mteja wa hela ya kati anayependa gemu, kwa sababu grafiki iliyomo ndani yake mara nyingi ina nguvu kuliko ya Intel za umri huo huo. Ryzen 5 3500U ina kori 4, Ryzen 5 5500U ina kori 6.

Mtego uko kwenye namba kubwa. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya, lakini ina kori 4 za usanifu wa zamani, na 5600H yenye kori 6 inaipita mbali. Intel nao wana la kwao: i5-1235U imeandikwa kori 10, lakini kubwa ni 2, nyingine 8 ni ndogo za kazi nyepesi.

3. MUULIZE MTEJA KAZI GANI, TENA KWA UNDANI

"Gemu" siyo jibu. Gemu gani? Anayetaka PES 2017 au GTA San Andreas, laptopu ya kizazi cha 8 isiyo na kadi ya grafiki ya peke yake inamtosha. Anayetaka gemu mpya nzito, hapo prosesa peke yake haimsaidii. Anahitaji kadi ya grafiki, mfano GTX 1650, pamoja na prosesa ya H. Ukimpa i7 ya U bila kadi, umempa hasara.

"Kuediti" nayo siyo jibu. Mwambie aeleze:

• Picha za bidhaa na mabango: kori 4, RAM 8, SSD. Inatosha.
• Kutengeneza biti kwa FL Studio: nguvu ya prosesa ndiyo inayotakiwa, kadi ya grafiki haina msaada mkubwa.
• Video za harusi: kuanzia kori 6 na RAM 16. Anayetumia DaVinci Resolve, mwongezee kadi ya grafiki.
• Video za iPhone: hapa wengi wanaumia. iPhone 12 kwenda juu zinaweza kurekodi HDR, na Intel za kizazi cha 6 kushuka chini hazina sehemu ya kuifungua video hiyo. Inakwama kwama hata RAM iwe kubwa. Kuanzia kizazi cha 7 sehemu hiyo ipo.

Swali la mwisho: utatumia wapi? Kama kwake umeme unakatika sana, laptopu ya H itamsumbua. Ikitoka kwenye chaja inapunguza nguvu, na betri haimalizi kazi. Mwambie kabla hajalipa.

4. KABLA YA KUAGIZA MZIGO

Ukiagiza Kariakoo au Mwanza, usikubali picha ya stika. Mwambie muuzaji aiwashe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aingie Performance, kisha CPU, akupigie picha. Hapo utaona jina kamili na idadi ya kori. Akishuka chini kwenye GPU utaona kama kadi ipo kweli. Anayekataa kufanya hivyo, achana naye.

Mimi chini ya kizazi cha 8 sinunui tena. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Mzigo wa chini ya hapo utakukalia dukani.

Kitu kingine: laptopu isiyo na kadi inachukua RAM ya kawaida kufanyia kazi za grafiki. RAM mbili za 4 zinaendesha gemu vizuri kuliko moja ya 8. Ni marekebisho madogo, mteja anaona tofauti siku hiyo hiyo.

5. TANGAZO LANGU LINAVYOKAA

"HP EliteBook 840 G5. Prosesa i5-8350U, kori 4. RAM 8, SSD 256. Haina kadi ya grafiki. INAFAA: ofisi, chuo, picha, video fupi, PES 2017. HAIFAI: gemu mpya nzito, video ndefu za harusi. Betri nimeipima, uliza nikutumie picha."

Huo mstari wa HAIFAI watu wanauogopa, wanadhani unafukuza wateja. Kwangu ndiyo unaowaleta. Mtu akiona umemwambia ubaya wa mali yako mwenyewe, anaamini na mazuri uliyoyasema. Anayetaka kitu kikubwa zaidi ananiuliza, namuagizia kwa oda, na mtaji wangu haulali.

Chukua laptopu moja uliyonayo dukani leo, isome namba nzima, kisha uandike upya tangazo lake. Ukikwama kwenye namba, iandike hapo chini tuisome pamoja.