Ushauri kwa Wanafunzi Usiwe wa Msimu

Jioni ya Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakienda nyumbani. Wasiopungua 13 walifariki. Washauri nasaha walifika kuwaliwaza walionusurika. Takriban wiki sita baadaye, janga la korona lilifunga shule zote nchini. Darasa la nane liliitwa tena Oktoba, likafanya mtihani wa KCPE Machi 2021. Madarasa mengine mengi yalingoja hadi Januari mwaka huo.

Ninalouliza ni hili: je, huzuni ile nayo ilikwenda likizo? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtoto hatatamka kwamba anaogopa ngazi. Atachelewa, atasinzia darasani, na alama zake zitaporomoka. Nasi walimu tutamwita mvivu, kisha tumwekee shabaha ya alama za juu zaidi. Kumhimiza mtoto aliyelemewa bila kumpunguzia mzigo ni sawa na kumchapa punda aliyeanguka.

Kwa maoni yangu, kila shule, iwe imepatwa na msiba au la, impe mwalimu wa ushauri nasaha vipindi maalumu katika ratiba na chumba chenye faragha, wala asirundikiwe masomo kutwa nzima. Nawe mwanafunzi, usione haya kubisha hodi. Mtihani una siku yake ya kumalizika; majonzi hayana. Ndiyo sababu mlango huo haufai kufungwa matanga yanapoanuliwa.