Kompyuta ya kufunguka yamfaa karani wa kakao

KARANI wa chama cha msingi anayetunza hesabu za kakao kwenye kompyuta ya mkononi ana hofu moja: siku itakapozima isiwake tena, katikati ya msimu, wakulima wakisubiri malipo yao.

Busale, wilayani Kyela, ni nchi ya kakao na mvua nyingi. Unyevu huingia kwenye vifaa, na umeme unaokatika na kurudi ghafla huviunguza. Katika kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi, kumbukumbu na kichakato vimechomelewa kwenye ubao mmoja. Kikifa kimoja, hubadilishwa ubao mzima. Ukikosa kipuri Kyela mjini, safari ni ya Mbeya, zaidi ya kilometa 100.

Ipo njia nyingine. Nayo ni kuijenga kompyuta ya mkononi kwa kuzungukia ubao mdogo unaolingana na kadi ya benki, ambao peke yake ni kompyuta kamili. Maarufu zaidi ni Raspberry Pi ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 2012 kwa dola 35. Kioo, kibodi na betri hubaki vitu vya pembeni. Ubao ukifa au ukizeeka, unang'olewa na kuwekwa mwingine.

Tanzania bao hizi si ngeni. Zimetumika kwa umeme wa jua katika shule za sekondari wilayani Karatu, kwa kuwa hazili umeme mwingi: adapta ya Raspberry Pi 4 ni ya wati 15 tu.

Huko nje wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2017, Olimex ya Bulgaria ilitoa TERES-I, kompyuta ya kujiungia mwenyewe ambayo michoro yake iko wazi kwa fundi yeyote. MNT Reform ya Berlin, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, ina betri nane ndogo zinazobadilishwa moja moja. Tatizo ni bei: ilianzia karibu dola 1,000.

Upo pia mtego wa usanifu. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, matundu ya waya yalihamishwa, na makasha ya zamani hayakuitosha. Kwa hiyo anayebuni kasha aufanye ubavu wenye matundu kuwa kipande kinachofunguliwa kwa skrubu. Ubao mpya ukija, akate kipande hicho tu.

Kwa chama kidogo, si lazima kuanza na kompyuta ya kubeba. Ubao, kioo cha kawaida, kibodi na betri ya volti 12 yenye kipunguza umeme hadi volti 5 vinatosha. Kumbukumbu zikae kwenye kadi, na nakala ya pili ifungiwe kabatini, maana kadi nayo hufa.

Kompyuta hununuliwa tena. Daftari la kilo za mkulima likipotea, hakuna duka linaloliuza.