Kutambua Namba Tasa kwa Kanuni za Kugawanyika katika Mtihani wa Hisabati: Maelezo kwa Kuzingatia Mwanafunzi wa Nyabusozi, Mkoani Kagera

Makala haya yanafafanua namna mwanafunzi wa shule ya msingi anavyoweza kutambua namba tasa kwa kutumia kanuni za kugawanyika akiwa katika chumba cha mtihani, bila kikokotoo na bila jedwali. Hoja inayotetewa ni kwamba kanuni hizo, ambazo aghalabu hukaririwa kama orodha, zina chanzo kimoja, nacho ni thamani ya nafasi ya tarakimu. Mwanafunzi anayekielewa chanzo hicho hupata mambo mawili ambayo orodha haimpi: sababu ya kanuni kuwa kweli, na mahali anapopaswa kuacha kujaribu. Anayezingatiwa ni mtoto wa Nyabusozi, kata iliyomo katika Wilaya ya Biharamulo, na wenzake wa wilaya jirani ya Ngara.

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 21 ya mwaka 1973. Katika shule nyingi za serikali somo la Hisabati hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Mtoto wa Nyabusozi huweza kuingia darasa la kwanza akiwa na Kisubi, Kihangaza, Kisukuma au lugha nyingine ya nyumbani, akajifunza istilahi za Hisabati katika lugha yake ya pili, kisha akifika Kidato cha Kwanza akakutana na dhana zilezile kwa Kiingereza. Kanuni aliyoishika kwa maneno tu huachwa nyuma pamoja na maneno yake. Jambo hili si dogo, kwa kuwa Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika Mtihani wa Kidato cha Nne, na kazi ya vigawo, sehemu na aljebra inayotahiniwa huko hujengwa juu ya yale yaliyofundishwa darasa la tano na la sita.

Istilahi na fasili

Istilahi tatu hukaribiana katika mada hii: shufwa, witiri na tasa. Mbili za kwanza zina asili ya Kiarabu na hutenganisha namba zinazogawanyika kwa 2 na zile zisizogawanyika. Mwislamu anayeifahamu sala ya witiri huwa tayari na kidokezo cha maana. Mwanafunzi asiyeifahamu huyapokea maneno yote mawili kama majina matupu. Neno “tasa” ni jingine kabisa. Katika matumizi ya kila siku humaanisha asiyezaa, na baadhi ya maelezo ya darasani husimama hapo: namba tasa ni namba isiyozaa. Sitiari hiyo inahitaji tahadhari, kwani kihisabati hali ni kinyume. Namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishwa. 60 imetokana na 2 × 2 × 3 × 5. Ingekuwa sahihi zaidi kusema kwamba namba tasa haizaliwi, yaani hakuna namba mbili ndogo kuliko yenyewe zinazoweza kuzidishwa zikaitoa.

Fasili iliyozoeleka husema kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Fasili hii inaacha mwanya. Namba 1 inagawanyika kwa 1, nayo hiyo 1 ndiyo yenyewe, hivyo mwanafunzi makini ana haki ya kuihesabu. Fasili isiyo na mwanya ni hii: namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu. Namba 1 ina kigawo kimoja, kwa hiyo haimo. Namba 2 ina vigawo viwili, 1 na 2, kwa hiyo imo, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa.

Tofauti hiyo huonekana katika swali fupi la kutafuta jumla ya namba tasa zilizo ndogo kuliko 10. Jibu ni 2 + 3 + 5 + 7 = 17. Anayeongeza 1 hupata 18. Anayeiacha 2 kwa kuwa ni shufwa hupata 15. Anayedhani kwamba tasa na witiri ni kitu kimoja hujumlisha 1, 3, 5, 7 na 9, akapata 25. Msahihishaji akilitazama jibu peke yake anaweza kubaini mwanafunzi amekosea wapi, na mtunzi wa swali la kuchagua huweza kuziweka namba hizo hizo kuwa majibu ya kupotosha.

Kwa darasa lisilo na vifaa vingi, punje za maharage zinatosha kuonesha fasili. Punje 24 hupangika katika mistari 2 ya 12, mistari 3 ya 8 au mistari 4 ya 6. Punje 23 hukataa kila mpango isipokuwa mstari mmoja mrefu. Mwanafunzi aliyewahi kuhangaika na punje 23 chini ya mwembe hahitaji kuambiwa mara ya pili maana ya vigawo viwili tu.

Chanzo cha kanuni

Kanuni za 2, 5 na 10 hutazama tarakimu ya mwisho pekee. Sababu ni kwamba makumi, mamia na maelfu yote hugawanyika kwa 10, na hivyo kwa 2 na kwa 5. Kinachobaki kuamua ni mamoja. Kwa hoja hiyohiyo, 4 huangalia tarakimu mbili za mwisho kwa kuwa 100 hugawanyika kwa 4, na 8 huangalia tatu kwa kuwa 1,000 hugawanyika kwa 8. Hapa hapahitaji maelezo zaidi.

Kanuni ya 3 na ya 9 ndiyo inayostahili muda mrefu darasani, kwa sababu ndiyo inayookoa alama nyingi na ndiyo inayofanana zaidi na mazingaombwe. Mwanafunzi huambiwa ajumlishe tarakimu; jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Kwa nini tarakimu zijumlishwe kana kwamba makumi na mamia hayana thamani kubwa kuliko mamoja? Jibu limo katika baki. Kumi ni 9 + 1. Mia ni 99 + 1. Elfu ni 999 + 1. Kila kumi, kila mia na kila elfu ikigawanywa kwa 9 huacha baki 1. Namba 4,731 ina elfu nne, zinazoacha 4, mia saba, zinazoacha 7, makumi matatu, yanayoacha 3, na moja. Baki zote kwa pamoja ni 4 + 7 + 3 + 1 = 15. Kumi na tano inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, na ndivyo ilivyo 4,731 yenyewe.

Ipo nukta ya lugha inayofaa kutajwa hapa. Majina ya Kiswahili ya makumi, kuanzia ishirini hadi tisini, yana asili ya Kiarabu na baadhi yake hayaoneshi tarakimu waziwazi kwa mtoto anayeanza: katika “arobaini” hasikii nne. Mia na elfu hazina tatizo hilo, kwa kuwa “mia nne” humtajia nne yenyewe. Kwa hiyo swali linaposomwa kwa sauti, ni vema mwanafunzi aiandike namba kwa tarakimu kabla ya kujumlisha chochote.

Kanuni ya 6 huunganisha ya 2 na ya 3, na mafanikio yake huzaa kosa. Mwanafunzi huona kwamba 2 × 3 = 6 akahitimisha kwamba namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 4 lazima igawanyike kwa 8. Namba 12 inamkanusha, na 20 pia. Kuunganisha kanuni mbili hufaa pale tu namba hizo mbili zisipokuwa na kigawo cha shirika zaidi ya 1. Dhana hiyo mwanafunzi anayo tayari, kwani ndiyo anayoitumia kutafuta KKS.

Kwa 11, tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa zamu, kwa sababu 10 ni pungufu ya 11 kwa 1 na 100 ni zaidi ya 99 kwa 1. Kwa 7, tarakimu ya mwisho huzidishwa mara mbili na kutolewa katika namba inayobaki upande wa kushoto: 91 huwa 9 − 2 = 7. Siri yake ni 21. Kuondoa 1 katika mamoja na 2 katika makumi ni kuondoa 21, ambayo ni 7 × 3, na kuondoa kigawe cha 7 hakubadilishi hali ya kugawanyika kwa 7.

Mtego mmoja chini ya mia

Namba tasa zilizo ndogo kuliko 100 ni 25. Kuzikariri zote kunawezekana, lakini si lazima. Ikiwa namba iliyo ndogo kuliko 100 ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili ziwe 10 au zaidi, kwa kuwa 10 × 10 tayari ni 100. Moja lazima iwe ndogo kuliko 10, na kwa hiyo namba hiyo itagawanyika kwa 2, 3, 5 au 7. Majaribio manne yanatosha. Njia hii ni ndugu ya chekeche la Eratosthenes, mwanazuoni aliyezaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, akafanya kazi Aleksandria nchini Misri. Katika vitabu vya shule vinavyomtaja kama Mgiriki tu, nukta hii ya Afrika ingeweza kuongezwa bila gharama.

Majaribio manne yenyewe hayana uzito sawa. Ya 2 na ya 5 hufanywa kwa jicho. La 3 huondoa namba zinazohadaa kwa sura: 51, 57, 87 na 93. Baada ya kuondoa vigawe vya 2, 3 na 5, namba zisizo tasa zinazosalia chini ya 100 ni tatu tu, mbali na 1: 49, 77 na 91. Ya kwanza imo katika jedwali la kuzidisha. Ya pili inajitangaza kwa tarakimu zake. Inabaki 91, yaani 7 × 13, ambayo haimo katika jedwali linaloishia 12 na haina dalili yoyote ya nje. Mwanafunzi akiulizwa jumla ya namba tasa kati ya 80 na 100, jibu ni 83 + 89 + 97 = 269; aliyeingiza 91 hupata 360, aliyeingiza 87 hupata 356, na aliyeingiza zote mbili hupata 447. Mwalimu mwenye vipindi vichache kabla ya mtihani atafanya vema zaidi kutumia nusu kipindi kwa 91 kuliko kurudia orodha nzima ya namba 25.

Pale kanuni zinapokwisha

Namba kubwa zaidi hudhihirisha tofauti kati ya anayekariri na anayeelewa. Miaka mitatu ya historia ya nchi inafaa kuwa zoezi: 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, na 1973, mwaka wa Sheria ya Baraza la Mitihani. Yote mitatu ni witiri, haiishii na 5, na jumla za tarakimu zake ni 17, 23 na 20, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3.

Kanuni ya 7 huimaliza 1967 mapema: 196 − 14 = 182, kisha 18 − 4 = 14. Nayo ni 7 × 281. Kwa 1961 kanuni zote zilizotajwa hushindwa. Hushindwa ya 7, hushindwa ya 11, na mwanafunzi anayetegemea orodha huandika kwamba ni tasa kwa kuwa orodha imekwisha. Lakini kwisha kwa kanuni si kwisha kwa vigawo. Anapaswa kuendelea kugawanya kwa 13, 17, 19, 23, 29 na 31, kila mara akipata baki, hadi afike 37, ambapo 1961 inageuka kuwa 37 × 53.

Swali la wapi aache halihitaji kipeuo cha pili. Kadiri namba inayogawanya inavyokua, jibu la kugawanya hupungua. Jibu linapokuwa dogo kuliko namba inayogawanya, hakuna haja ya kuendelea, kwani kigawo chochote ambacho kingepatikana mbele kingekuwa na mwenzake mdogo ambaye tayari ameshajaribiwa. Kwa 1973, kugawanya kwa 41 hutoa 48 na baki 5. Kwa 43 hutoa 45 na baki 38. Kwa 47 hutoa 41, ambayo ni ndogo kuliko 47. Hapo mwanafunzi huweka kalamu chini. Namba tasa kumi na nne, kuanzia 2 hadi 43, zimejaribiwa na kila moja imeacha baki, kwa hiyo 1973 ni tasa.