Moto Kwanza, Maji Baadaye

Nyuma ya jiko la mama, Limuru, pana pipa la lita 200 lililolazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali. Chini yake ni mahali pa kuni, upande mmoja kuna dohani ya bati, na kwenye pipa lenyewe zimeunganishwa paipu tatu. Ya kwanza huleta maji baridi kutoka kwenye tangi lililo juu ya mnara wa mbao. Ya pili hupeleka maji ya moto bafuni. Ya tatu, nyembamba, hupanda wima hadi kupita kimo cha tangi na kuishia hewani, mdomo wazi. Watu wa nyanda za juu za Kenya huuita mtambo huu kuni busta. Julai inapofika, ukungu ukatanda kutwa na maji ya mfereji yakauma vidole, hakuna kitu kinachopendwa zaidi katika boma.

Nimekua kando ya pipa hilo. Kwa miaka mingi lilitupa maji ya moto na moshi kwa wingi uleule. Moshi ulipaka ukuta masizi, ukaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na kila aliyetumwa kuchochea alirudi machozi yakimtiririka. Tulidhani hiyo ndiyo bei ya kuoga maji ya moto. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba kosa halikuwa la kuni wala la mchochezi. Kosa lilikuwa ni mahali maji yalipokaa.

Kwanza hesabu, maana hapa hesabu inasema mengi. Lita moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Maji yetu ya asubuhi, mwezi wa Julai, huwa na nyuzi 16. Kuzipandisha lita 200 hadi nyuzi 60 ni kazi ya megajuli 37, sawa na yuniti 10 za stima. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban megajuli 15. Kwa hiyo, kama joto lote lingeingia majini, kilo mbili na nusu za kuni zingetosha, mzigo ambao mtoto hubeba kwapani. Na lita 200 za nyuzi 60 si haba: ukizipoza kwa maji baridi hadi nyuzi 40 za kuogea, unapata zaidi ya lita 360, yaani ndoo 18 kubwa.

Siku moja nilizipima kuni zetu kwa mizani ya viazi kabla ya kuwasha. Pipa lilipofika nyuzi 60, kilo 17 zilikuwa zimekwisha. Katika kila kilo saba, maji yalikuwa yamepata joto la kilo moja tu. Si ajabu sana, kwa kuwa moto wa mafiga nao hufikisha kwenye sufuria kati ya asilimia 10 na 20 ya joto lake. Lakini zile kilo sita nyingine zilikwenda wapi? Sehemu ilipotea kama hewa ya moto iliyopanda dohani, sehemu ikapasha matofali na uwanja. Na sehemu nyingine haikuungua kabisa. Ilitupita machoni ikiwa moshi.

Tunasema ukuni unaungua, ila ukiutazama kwa karibu utaona kwamba ulimi wa moto haugusi mti wenyewe. Kuna upenyo mdogo kati ya gome na mwali. Ukuni ukishapita nyuzi 250 au 300 huanza kuvunjika ndani kwa ndani na kutoa gesi na mvuke wa lami. Karibu robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu huondoka kwa njia hiyo, na kinachobaki ni makaa. Mwali tunaouona ni gesi hizo zikikutana na hewa. Ili ziungue zikaisha, zinahitaji joto la nyuzi 600 au zaidi, hewa ya kutosha, na muda. Zikipozwa kabla ya hapo, safari yao inakatika katikati: zinageuka moshi, masizi, na ile lami nyeusi inayonata ndani ya dohani.

Sasa litazame pipa. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu nyuzi 93. Maadamu kuna maji ndani, chuma cha pipa hakiwezi kupata moto kupita hapo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maji yanakinyonya joto kila sekunde. Mwali unaotaka nyuzi 600 ulikuwa unajigonga kwenye ukuta wa nyuzi 93, tena shubiri moja tu juu ya kuni. Chukua kijiko baridi ukiingize katikati ya ulimi wa mshumaa. Kabla hujahesabu hadi kumi, kitakuwa cheusi. Weusi ule ni chembe za kaboni zilizokuwa njiani kuungua zikakutana na baridi. Pipa letu lilikuwa kijiko cha lita 200.

Muuza kahawa wa Mombasa hana shida hii, na sababu yake inapendeza. Dele lake hukaa juu ya makaa, na makaa ni ukuni ambao gesi zake zilikwisha kutolewa kule kwenye tanuri la mchoma makaa. Hakuna cha kugeuka moshi. Ila moshi huo haukutoweka duniani, uliachwa porini.

Wamarekani wa maeneo ya mashambani walikumbana na jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Huko, hasa majimbo ya kaskazini yenye baridi kali, nyumba nyingi zina tanuri la kuni nje, kibanda cha chuma chenye dohani fupi, ambamo chumba cha moto kimezungukwa na mamia ya lita za maji. Maji hayo husukumwa kwa paipu zilizofukiwa hadi ndani ya nyumba kupasha vyumba na maji ya kuoga. Matanuri ya awali yalikuwa na ugonjwa wa pipa letu, na juu yake ugonjwa wa pili: maji yakishapata moto wa kutosha, mtambo hufunga mlango wa hewa wenyewe. Kuni zimejaa, hewa hakuna. Moto hufukuta saa nzima, moshi mzito ukitambaa hadi kwa jirani. Malalamiko yalikuwa mengi hata shirika la taifa la mazingira, EPA, likaanzisha mpango wa hiari kwa watengenezaji mwaka 2007, likatoa kanuni za lazima mwaka 2015, na kuzikaza zaidi mwaka 2020.

Yale matanuri bora yaliyotokana na msukumo huo yanafanya jambo moja kuu. Yanaacha moto umalize kazi yake kabla ya kukutana na maji. Gesi za kuni huvutwa zipite kwenye tundu la udongo wa kuhimili moto, ambalo lenyewe limewiva jekundu, ziungue humo hadi ziishe, na hewa hiyo safi yenye moto mkali ndipo ipelekwe kwenye maji. Fikra hiyohiyo iko katika jiko la roketi, ambalo kanuni zake ziliwekwa na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, mwanzoni mwa miaka ya 1980: chumba kidogo cha moto kinachotunza joto, bomba fupi la kupandia mwali, kisha chombo cha maji, na hewa ya moto ibanwe ipite karibukaribu na chombo hicho.

Ndivyo tulivyolijenga upya letu. Fundi wa mtaani alifyatua matofali ya udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Tofali likichomwa, vumbi huungua na kuacha vitundu vingi vya hewa, nalo huwa jepesi na gumu kupitisha joto. Kwa matofali hayo tulijenga chumba chenye umbo la herufi L, kuni zikiingia kwa ubavuni na mwali ukipanda mkono mzima kabla ya kugusa chuma. Kuzunguka pipa tuliacha mwanya wa sentimita mbili tu. Juu tukalifunika kwa pamba ya glasi na kipande cha bati. Mfuniko huo watu wengi huudharau, lakini kwa makadirio yangu pipa lililo wazi kwenye baridi hupoteza nyuzi tatu au nne kila saa. Anayeoga mwisho ndiye anayejua.

Kuni nazo zina lao. Mkaratusi uliokatwa jana, takriban nusu ya uzito wake ni maji. Katika kilo 10 mna lita 5 za maji ambazo lazima ziondoke kama mvuke kwanza, na kuziondoa hula megajuli 13, theluthi ya kazi nzima ya kupasha pipa. Mvuke huo pia hupoza moto ndani kwa ndani. Ukizipasua kuni na kuzipanga chini ya paa, upepo ukipita kati yake kwa miezi sita au zaidi, upepo huo hukufanyia kazi hiyo bure.

Nirudi kwenye ile paipu nyembamba, kwa kuwa hapo ndipo roho za watu zilipo. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 200 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa lita 3 hivi. Kwa ujazo uleule huwa mepesi pia, ndiyo maana yale ya moto hukaa juu ya pipa na yale ya baridi huingia kwa chini bila kuhitaji pampu. Na kwa sababu nguzo ya maji ya moto ni nyepesi, ndani ya paipu ile husimama juu kuliko maji ya tangi. Tangi likiwa mita nne juu ya pipa na maji yakikaribia kuchemka, tofauti hufika sentimita 15. Paipu iliyokatwa sawa na tangi itadondosha maji kila siku.

Yetu ilikuwa imekatwa fupi, ikadondosha. Fundi mmoja tuliyemwita kabla ya yule wa matofali akaiziba kwa kizibo, na kwenye paipu ya maji baridi akaweka vali ya kuzuia maji kurudi tangini. Alikuwa na nia njema. Pipa likabaki halina pa kupumulia. Jumamosi moja mchana, kuni zimejaa na hakuna aliyeoga, tulisikia mlio kama wa mtu anayegonga debe kwa ngumi. Kifuniko cha pipa, kilichokuwa bapa, kilikuwa kimefura. Baba alivuta kuni zote kwa reki ndefu, akatufukuza sote hadi mwisho wa shamba la mahindi, nasi tukakaa huko hadi jua likatua. Pipa halikupasuka. Kama lingepasuka, sehemu ya maji yale ingegeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Wadogo zangu walikuwa wakicheza bano hatua sita kutoka pale.

Siku hizi paipu hiyo inapita tangi kwa nusu mita, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuifunga kwa sababu yoyote. Tunapasha hadi nyuzi 60, kwa kuwa bakteria wa lejionela, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo watoto huchanganyiwa na mkubwa, maji baridi yakitangulia karaini.

Julai iliyopita nililala kwa mama, nikaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha. Kwa dakika kumi dohani ilitoa moshi mweupe. Matofali yaliposhika joto, mngurumo mdogo ukaanza ndani ya chumba cha moto, na moshi ukakatika. Juu ya dohani hewa ilikuwa ikichezacheza tu, nyota zikitetemeka nyuma yake. Saa moja kasoro kipimajoto kilisoma 60. Nilikuwa nimeweka kilo 8 kando ya mizani ile ya viazi, na miti miwili ilikuwa bado imelala chini, haijaguswa.