Je, Wajua? Kuna Mwani wa Kijani Unaokula Mwanga wa Kijani

Jani la mwembe ni la kijani kwa sababu klorofili yake hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na sehemu ya ule wa kijani huurudisha machoni petu. Nchi kavu, ambako jua ni tele, hasara hiyo haiumi. Chini ya maji huuma.

Maji humeza wekundu upesi: ukishuka mita 10 hadi 15, karibu wote umekwisha. Buluu hufika mbali katika maji maangavu ya bahari kuu, lakini Bandari ya Dar es Salaam hupokea maji ya mito Kizinga na Mzinga, pamoja na tope na masalia ya majani yaliyooza. Masalia hayo huzuia buluu. Kinachopenya zaidi ni kijani. Mmea wa huko chini ni kama mnunuzi anayefika Kariakoo jioni: hana budi kuchukua kilichobaki.

Codium, mwani laini kama sponji unaopatikana katika pwani ya Tanzania, umejiandaa kwa hilo. Una rangi iitwayo sifonazanthini, inayonasa mwanga wa kijani wenye mawimbi ya nanomita 540 hivi, kisha kuipa klorofili nishati hiyo ili itengeneze sukari. Tena una klorofili b nyingi kuliko mimea ya nchi kavu. Mwili wake ni nyuzi zilizosokotana, zisizo na kuta za kutenga seli, hivyo mwanga ukiingia hugongagonga ndani na hautoki kirahisi. Ndiyo maana Codium huonekana wa kijani kizito, karibu na weusi.

Mwaka 1883 Mjerumani Theodor Engelmann alidai kwamba rangi ndiyo huupangia mwani kina: wa kijani juu, mwekundu chini. Codium na jamaa zake wanaoishi kwenye maji ya kina wameonyesha kwamba hesabu hiyo haikutimia.

Bamvua likikupata ufukweni, okota Ulva, mwani mwembamba kama karatasi, na kipande cha Codium, uviinue vyote kuelekea angani. Ulva itapitisha mwanga. Codium itauzuia karibu wote. Ukiona hivyo, utajua ni upi ulioumbwa kuishi penye mwanga hafifu.