Maniema: Kimputu na homa inayorudi, ugonjwa ulioandikwa tangu Kasongo

Salamabila, katika teritware ya Kabambare, mtu akishikwa na homa, neno la kwanza ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna homa nyingine inayofanana nayo: inakamata siku chache, inaacha, kisha baada ya wiki moja hivi inarudi. Inaletwa na kimputu, ambaye Watanzania wanamwita papasi.

Historia ya homa hiyo inapita hapa hapa kusini mwa Maniema. Mwaka 1903, waganga wawili, Joseph Everett Dutton, Mwingereza, na John Lancelot Todd, Mkanada, walitumwa Kongo na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool. Waliwaacha vimputu waume tumbili, na tumbili wakaugua. Hivyo walionyesha kwamba kimputu ndiye anayebeba ugonjwa. Lakini wao wenyewe pia waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kijidudu cha homa hiyo kinaitwa Borrelia duttoni, kwa jina lake.

Wengi wanamhesabu kimputu pamoja na chawa na kunguni. Sivyo. Hao wana miguu 6; kimputu mzima ana 8, na hana mabawa wala vipapasio. Yeye ni kupe, wa kundi la araknida, pamoja na buibui, nge na utitiri. Kundi hilo ni la zamani sana: nge waliogeuka mawe wamepatikana wakiwa na umri wa miaka zaidi ya milioni 430. Huko Myanmar, kupe wa miaka karibu milioni 99 amekutwa ndani ya utomvu mgumu wa mti, ameshika unyoya wa dinosaria.

Kimputu hakai majanini kama kupe wa ng'ombe. Mchana anajificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa nusu saa hivi, anarudi kujificha. Asubuhi aliyeumwa haoni kitu mwilini. Jike anaweza kuwaachia watoto kijidudu hicho kupitia mayai.

Tena anaweza kukaa miaka bila kula. Ndiyo maana nyumba iliyoachwa na familia iliyokimbia vita inaweza kumngoja mwenyewe arudi. Naye mchimba dhahabu anayehama kutoka kambi moja hadi nyingine anaweza kumbeba ndani ya mkeka wake.

Dawa za malaria haziponyeshi homa hii. Inatibiwa kwa antibiotiki, kama tetrasaiklini, chini ya macho ya muganga, kwa sababu saa za kwanza za matibabu homa inaweza kupanda kwa nguvu. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa: mimba inaweza kutoka au mtoto akafa baada ya kuzaliwa, na dawa yake inachaguliwa kwa uangalifu.

Aliyemaliza dawa za malaria na homa ikarudi, afike kituo cha afya wakati mwili bado unawaka, apimwe damu kwa darubini: ndipo kijidudu kinaonekana vizuri. Nyumbani, kitanda kilichoinuliwa, chandarua kilichochomekwa chini ya godoro na sakafu iliyozibwa nyufa vinamnyima kimputu njia.