Akiba ya Kaya Katika Nchi ya Ukame: Utangulizi

Anayeanza kusoma maandalizi ya maafa ngazi ya kaya hukutana kwanza na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya pwani za Marekani na Karibiani. Humo kila nyumba huagizwa iweke maji ya kunywa, tochi, redio, dawa na chakula cha kopo cha siku tatu, maana kimbunga hupiga kikapita, na waokoaji hufika baadaye. Ushauri huo ni mzuri mahali pake, na sisi tunayo pwani inayouhitaji: kimbunga kiliipiga Zanzibar mwaka 1872, kingine Lindi mwaka 1952, na Hidaya kikafika Mafia mwezi Mei 2024. Ila Bariadi, mkoani Simiyu, iko bara. Upepo wa mvua huezua mapaa, na mito hufurika, lakini janga kubwa la mkoa huo huja polepole: mvua hukatika mahindi yakiwa yanabeba, na pengo lake huonekana jikoni miezi kadhaa mbele. Akiba ya hapa hupimwa kwa miezi. Taaluma ninayokukaribisha inahusu namna kaya inavyoivuka miezi hiyo.

Anzia kwenye viazi vitamu. Kati ya Juni na Agosti, jua likiwa kali na hewa kavu, akina mama wa Usukuma huvichimba, huviacha vinyauke kidogo, kisha huvimenya, huvikata vipande na kuvianika. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa. Kiazi kibichi huoza upesi, lakini michembe iliyokauka sawasawa hukaa miezi mingi, huchemshwa na kuliwa pamoja na karanga au maziwa, na mtoto huweza kuila asubuhi akaenda shule. Weka kando yake udaga wa muhogo na majani ya kunde yaliyokaushwa, na utakuwa umeona ghala la dharura lililokamilika kuliko makabati mengi yanayosifiwa vitabuni. Nasema hivyo kwa kuwa nimechoka kuona michembe ikitajwa kama chakula cha wasio na uwezo. Ni elimu ya kuhifadhi chakula isiyohitaji umeme wala kopo, na inastahili kusomwa kwa heshima ileile tunayowapa wahandisi wa maghala.

Ghala lenyewe lina historia yake. Zamani kihenge kilichosukwa kwa fito na kukandikwa udongo kiliweza kutunza mtama na uwele kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijitokeza dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati ambaye barani Afrika aligunduliwa kwanza Tabora, na wakulima wengi wakamwita Scania. Hutoboa mahindi makavu na udaga, hata miti ya kihenge, akaacha unga tu. Ndipo kaya zikalazimika kupukuchua mahindi mapema, kununua dawa ya unga, na siku hizi kutumia mifuko ya kinga njaa. Mifuko hiyo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kuhusu kunde za Kameruni. Ina tabaka tatu. Ikifungwa vizuri, hewa huisha ndani na wadudu hufa bila dawa. Ni kifaa kizuri, lakini kinataka fedha taslimu, na fedha ya Simiyu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye pamba.

Hapo ndipo uwanja huu unapopanuka. Mwaka 1981 Amartya Sen, akichambua njaa ya Bengal ya mwaka 1943 na nyinginezo, alionyesha kwamba watu huweza kufa njaa chakula kikiwepo sokoni, wakikosa tu njia ya kukipata. Msukuma mwenye ng'ombe anaijua hali hiyo vizuri. Mwaka wa ukame kila mfugaji hutaka kuuza, mifugo imekonda, bei yake huporomoka wakati uleule debe la mahindi linapopanda. Ng'ombe aliyekuwa akiba ya magunia kadhaa hubadilishwa kwa machache. Kwa sababu hiyo nayahesabu malisho kuwa sehemu ya ghala la kaya: ngitili, majani yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, humpa mwenye mifugo nafasi ya kungoja bei. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, uliozijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ulijengwa juu ya utaratibu huo wa wenyeji.

Serikali nayo imekuwa na mkono wake. Ukoloni uliamuru mazao ya njaa kama muhogo. Baada ya ukame wa miaka ya 1970 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Leo ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na masika. Yasome yote hayo, ila usiyafanye kuwa kiini. Kiini kipo nyumbani: nani anaamua gunia liuzwe, nani anajua limebaki kiasi gani, na kama ni mtu mmoja. Mara nyingi anayepika hujua, na anayeuza ni mwingine.

Ukipata nafasi ya kwenda Bariadi, Itilima au Meatu kwa utafiti, usiende Julai peke yake. Mwezi huo vyombo vimejaa, na kila jibu litakuwa la kuridhisha. Rudi Januari au Februari, palizi ikiendelea na mavuno yakiwa mbali. Omba ruhusa, kaa na mama wa nyumba, muulize wameanza lini kupunguza mlo, nani alipunguziwa kwanza, na mbegu ya msimu huu ilitoka wapi.